Swali Huru, Jibu Huru: Kupima Maoni ya Wananchi Katika Nchi Mbalimbali

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa na wakili mbele ya wahamasishaji wa elimu ya uraia)



Nimetakiwa nizungumze juu ya uchunguzi wa maoni ya wananchi, namna unavyofanywa katika nchi mbalimbali na matatizo yanayoukabili. Huenda baadhi yenu mnajiuliza wakili ana neno gani katika kazi ya wataalamu wa takwimu. Jibu langu ni kwamba kazi ya wakili ni ushahidi, na uchunguzi wa maoni ni ushahidi wa aina yake. Shahidi ni mwananchi, anayemhoji ni mgeni aliyebisha hodi, na hukumu husomwa gazetini. Mahakamani, ushahidi wa mtu aliyetishwa hautegemewi. Nataka tuulize iwapo kanuni hiyo inafuatwa tunapoletewa asilimia.

Tuanze na jina. Kiswahili cha magazeti yetu kimeyaita mambo mawili kwa jina moja. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipiga foleni wakaipitisha Katiba, nasi tukasema hiyo ni kura ya maoni. Kampuni ya utafiti inapowahoji watu 2,000 na kutangaza nani anaongoza, hiyo nayo twaiita kura ya maoni. Ya kwanza ni uamuzi wa wenye nchi, na ina nguvu ya sheria. Ya pili ni makadirio. Leo nitaiita hii ya pili uchunguzi wa maoni, ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba fomu ya mtafiti ni karatasi ya kura.

BAMBO NA GUNIA

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima ili ajue kama nafaka imekauka. Huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje za kujaza kiganja, akazitazama na kuzitafuna. Lakini mnunuzi mzoefu hachomi mahali pamoja. Anajua kwamba muuzaji mjanja huweka mahindi safi juu na yaliyooza chini. Kwa hiyo huchoma juu, katikati na chini. Uchunguzi wa maoni hauna siri kubwa kuliko hiyo. Sharti lake la kwanza ni kwamba kila punje iwe na nafasi ya haki ya kuingia katika bambo.

Wakubwa walioipuuza kanuni hiyo waliaibika. Mwaka wa 1936, nchini Marekani, jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalitokana sana na orodha za wenye simu na wenye magari, tena katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi. Na walioona haja ya kuzirudisha hawakuwa sawa na walionyamaza. George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa. Hata hivyo, mwaka wa 1948 Gallup huyo huyo na wenzake walimpa Thomas Dewey ushindi ambao wapiga kura walimpa Harry Truman. Wahojaji wao walikuwa wameachiwa kujichagulia watu wa kuhoji, mradi watimize hesabu ya wanaume, wanawake, vijana na wazee. Na kazi ilikomeshwa mapema, kabla wananchi hawajamaliza kuamua.

Hapo pana funzo: wingi wa watu si kinga. Watu 1,200 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa makadirio yanayoweza kukosea kwa takriban asilimia 3 juu au chini. Watu 2,400 huteremsha kosa hilo hadi asilimia 2 tu, wala halipungui kwa nusu. Hesabu hiyo haibadiliki sana iwe nchi ina watu milioni 5 au milioni 200. Lakini tahadharini na gazeti linalowagawanya watu hao 2,400 katika kaunti zetu 47 na kutangaza nani anaongoza katika kila kaunti. Kila kaunti itakuwa na wahojiwa kama 50, na kosa litakuwa limepanda hadi asilimia 14 hivi. Anayewaambia kwamba mgombea fulani anaongoza kwenu kwa asilimia 6 kwa ushahidi huo hajawaambia kitu.

MBINU INAPOVUKA MPAKA

Mbinu hizi zilikomaa katika nchi zenye anwani kwa kila mlango na orodha za wakaaji. Zilipoletwa Afrika zilikuta milango isiyo na namba. Msingi wa sampuli ni sensa, nayo sensa haifanani kila mahali. Kenya ilihesabu watu mwaka wa 2019 ikapata milioni 47.6. Nigeria ilihesabu mara ya mwisho mwaka wa 2006, nayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka wa 1984. Mtafiti anayeweka matokeo ya nchi hizo katika jedwali moja hana budi kukumbuka kwamba katika baadhi yake anachoma gunia asilojua ukubwa wake.

Hata hivyo njia zimepatikana. Mtandao wa watafiti wa Kiafrika uitwao Afrobarometer ulianza mwaka wa 1999 kwa nchi 12, na baadaye ukafikia nchi zaidi ya 30. Hao huchagua maeneo ya sensa kwa bahati nasibu, kisha wahojaji huanzia mahali palipopangwa na kutembea wakihesabu nyumba, badala ya kuingia palipo na kivuli au palipo na watu wakarimu. Mwanamume akihojiwa katika nyumba moja, katika nyumba inayofuata huhojiwa mwanamke. Na ndani ya nyumba mtu huchaguliwa kwa kura. Utaratibu huo una sababu ambayo kila mmoja wetu anaifahamu. Mgeni akibisha hodi katika boma zetu nyingi, mwenye mji ndiye anayetoka kumsikiliza, naye hujibu kwa niaba ya wote. Pasipo kura ya ndani ya nyumba, maoni ya taifa yatakuwa maoni ya waume waliokuwa nyumbani siku hiyo.

Siku hizi kampuni nyingi hutumia simu, kwa kuwa ni rahisi na ya haraka. Ni vyema, lakini simu nayo huchagua. Bibi kizee asiye na simu, mfugaji aliye mbali na mlingoti wa mawasiliano, na mke anayetumia simu ya mumewe hawamo katika gunia hilo. Tanzania, mradi wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza ulilitambua tatizo hilo: uliwachagua watu kwanza kwa kuwatembelea majumbani, ukawapa simu na chaja za miale ya jua, kisha ukawa unawapigia mara kwa mara. Mwenye kuuliza alibeba gharama ya kumfikia asiyefikika. Huo ni uaminifu wa kazi.

LUGHA NA MAANA YAKE

Mtu akishapatikana, ataulizwa kwa lugha gani? Dodoso lililoandikwa kwa Kiingereza hutafsiriwa, kisha mtafsiri wa pili ambaye hajaona asili hulirudisha katika Kiingereza ili yaonekane maneno yaliyopotoka. Ni kazi ya lazima, lakini haiponyi kila ugonjwa. Chukueni neno "haki". Mwulizeni mwananchi, "Je, unapata haki mahakamani?" Mmoja atafikiria haki zake za Katiba, kama vile kupewa wakili au dhamana. Mwingine atafikiria iwapo hukumu ilikuwa ya uadilifu. Kiingereza kina maneno mawili hapo. Sisi tuna moja, na majibu yote mawili yataingia katika safu moja. Au chukueni neno "serikali". Kwa mwanasheria, serikali ni ile iliyoundwa baada ya uchaguzi na yaweza kubadilishwa na uchaguzi. Kwa raia wengi wa mashambani, serikali ni chifu, ni polisi, ni yule mwenye muhuri, aliyekuwapo kabla ya uchaguzi na atakayekuwapo baadaye. Ukimwuliza raia huyo kama ana imani na serikali, umemwuliza jambo jingine kabisa na ulilokusudia.

Basi tukisoma kwamba wananchi wa nchi fulani wana imani na serikali yao kuliko wa nchi jirani, kwanza tuulize kama waliulizwa swali lile lile.

HOFU HAINA SAFU KATIKA JEDWALI

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Unaweza kuchagua watu kwa haki na kuwauliza kwa lugha yao safi, na bado ukaletewa uongo, kwa sababu mhojiwa anaogopa.

Wazee waliopo hapa wanaukumbuka mlolongo wa mwaka wa 1988. Wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea au mawakala waliobeba picha zao, mchana kweupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Mkulima alionekana na chifu wake, mwalimu na mkaguzi wake, mwenye deni na anayemdai. Ile ilikuwa hesabu ya watu wote waliojitokeza, wala haikuwa sampuli, na bado haikupima maoni. Ilipima woga. Kilio dhidi ya mlolongo kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani mwezi wa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukafanywa kwa kura ya siri.

Mhojaji aliyesimama mlangoni na fomu mkononi ni mlolongo mdogo. Mhojiwa humtazama kwanza: kabila lake, nguo zake, gari lililomleta. Nicaragua ilitoa ushahidi wa wazi kuliko wote. Kabla ya uchaguzi wa Februari 1990, uchunguzi kadhaa ulimpa Daniel Ortega, aliyekuwa Rais, uongozi mkubwa. Violeta Chamorro wa muungano wa upinzani wa UNO ndiye aliyeshinda, kwa takriban asilimia 55 dhidi ya 41. Watafiti wawili, Katherine Bischoping na Howard Schuman, walikuwa wamefanya jaribio kabla ya kura. Wahojaji waliuliza maswali yale yale, lakini kalamu walizoandikia zilitofautiana: kalamu za rangi za chama tawala, za rangi za UNO, na za kawaida zisizo na alama. Walioona kalamu za UNO walimtanguliza Chamorro. Walioona za chama tawala, na hata walioona zile zisizo na alama, walimtanguliza Ortega.

Tafakarini habari ya ile kalamu ya kawaida. Mtafiti aliyeishika alijiona hana upande. Mwananchi alimwona ana upande, kwa kuwa katika nchi iliyokwisha kuzoea jicho la dola, mgeni asiye na alama hudhaniwa kuwa ametumwa na wakubwa. Ndiyo maana watafiti wa Afrobarometer humaliza mahojiano kwa kumwuliza mhojiwa anadhani nani amewatuma. Wengi hujibu kwamba ni serikali, ijapokuwa wameelezwa mwanzoni kuwa sivyo. Asilimia ya majibu hayo ingestahili kuchapishwa kando ya kila sifa anayopewa Rais wa nchi yoyote.

Ziko mbinu za kumkinga mhojiwa. Moja ilielezwa na Stanley Warner mwaka wa 1965, nayo imezaa nyingine nyingi. Tuseme twataka kujua wangapi walipokea fedha za mgombea. Kila mhojiwa hurusha sarafu bila kutuonyesha. Ikiangukia upande wa kichwa, aseme "ndiyo", hata kama hakupokea. Ikiangukia upande wa pili, aseme kweli. Katika watu 1,000, kama 500 watasema "ndiyo" kwa ajili ya sarafu. Tukipata "ndiyo" 650, zile 150 za ziada zimetoka kwa wale 500 waliotakiwa kusema kweli. Yaani asilimia 30 walipokea. Tumelijua jambo la taifa, na hakuna hata mtu mmoja tuliyejua siri yake. Hapo mtafiti ametengeneza sanduku la kura dogo, kwa kuwa siri ya jibu na siri ya kura zina ukoo mmoja.

ANAPOADHIBIWA MWENYE KUULIZA

Lakini hakuna sarafu itakayosaidia pale ambapo dola linamwandama anayeuliza. Turudi Tanzania. Uchunguzi wa Twaweza ulionyesha kwamba walioikubali kazi ya Rais John Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka wa 2016, 71 mwaka wa 2017, na 55 mwaka wa 2018. Baada ya matokeo ya 2018, Tume ya Sayansi na Teknolojia ililitaka shirika lijieleze kuhusu kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi wake ikachukuliwa. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ilifanyiwa marekebisho yaliyofanya kuwa kosa kuchapisha takwimu za kupotosha au kutia doa takwimu rasmi. Baada ya malalamiko ya ndani na nje, sheria ililegezwa mwaka wa 2019.

Kwa mtazamo wa ushahidi, madhara ya jambo kama hilo hayaishii kwa shirika moja. Mtafiti anapoandamwa hadharani, kila mwananchi anayesikia habari hizo amekwisha kupewa onyo. Atakapopigiwa simu tena atajua la kujibu. Serikali itapata asilimia inazozipenda, na itakuwa imejitia upofu kwa mkono wake. Rais anayesifiwa na asilimia 90 ya watu waoga yu gizani kuliko yule anayelaumiwa na nusu ya watu huru.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba uhuru wa raia ni sehemu ya mbinu za utafiti, kama ilivyo sampuli. Jedwali linaloziweka pamoja nchi huru na nchi za woga, pasipo kusema lolote juu ya tofauti hiyo, limelinganisha maoni na kimya.

SHERIA IFANYE NINI?

Wako wanaotaka uchunguzi wa maoni upigwe marufuku, wakidai huwayumbisha wapiga kura. Mahakama za nchi nyingine zimeipima hoja hiyo. Mwaka wa 1998 Mahakama ya Juu ya Canada ilibatilisha marufuku ya kuchapisha matokeo hayo katika siku tatu za mwisho za kampeni. Mwaka wa 2001 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilibatilisha marufuku ya siku 15. Ufaransa ilikuwa na marufuku ya wiki nzima tangu 1977. Mwaka wa 2002 ikaipunguza ibaki siku ya kura na ya kuamkia kura. Kwetu, sheria ya mwaka wa 2012 inakataza kuchapisha matokeo katika siku tano za mwisho, na inamtaka anayechapisha ataje aliyegharimia, aliyefanya uchunguzi, tarehe zake, idadi na aina ya waliohojiwa, na kiwango cha kukosea.

Kwa maoni yangu sehemu ya pili ya sheria hiyo ina faida kuliko ya kwanza. Katiba yetu, katika vifungu vya 33 na 35, inalinda uhuru wa kujieleza na haki ya kupata habari. Mwananchi hahitaji kufichwa takwimu. Anahitaji kuonyeshwa zilikotoka. Marufuku ya siku tano hayazuii wenye fedha kujifanyia uchunguzi wao na kuupitisha kwa minong'ono, nao mlalahoi akabaki na uvumi.

Wala tusiuabudu uchunguzi. Uchunguzi mwingi wa mwisho kabla ya tarehe 9 Agosti 2022 ulimtanguliza Raila Odinga. William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba. Takriban asilimia 35 ya waliosajiliwa hawakupiga kura. Mtu aweza kujibu kwa ukweli mwezi wa Julai na kubaki nyumbani mwezi wa Agosti. Naye aliyeingia katika uchaguzi akiwa na hakika ya ushindi kwa sababu ya gazeti ataona kila matokeo mengine kuwa wizi. Twajua hisia hiyo ikichanganyika na hesabu mbovu ya kura huzaa nini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Tume ya Kriegler ikasema kwamba hesabu zilivurugika kiasi cha kutojulikana nani alishinda. Hakuna uchunguzi wa maoni uliotangulia ambao ungeweza kuziba pengo hilo. Dawa ni fomu za vituo zilizojazwa vizuri, mawakala walio macho, na matokeo yanayobandikwa ukutani.

Basi mtakaporudi vijijini na mitaani, wafundisheni wananchi kuuliza maswali sita kila watangaziwapo asilimia. Nani amelipa? Walihojiwa wangapi, na walichaguliwaje? Walifikiwa kwa simu au nyumbani, na nani aliachwa nje? Swali lilisemaje, na kwa lugha gani? Waliokataa kujibu na waliosema hawajui ni wangapi? La sita ndilo kubwa: je, yule aliyejibu angeweza kujibu kinyume, akalala usingizi wake kwa amani?

Watafiti wanaweza kutujibu maswali matano ya kwanza. La sita tutalijibu sisi, kwa namna tutakavyomlinda jirani anayesema tusilolipenda. Anzieni hapo, katika baraza la kwanza mtakaloliitisha.